Msaliti wa Jumapili Saa Kumi

Bariadi,
1 Septemba 1997

Mdogo wangu Boni,

Mwangaluka. Sisi wazima, mama mzima ila magoti, na duka langu la vitenge linakwenda. Salamu zimetosha, maana nina hasira na ninacheka kwa wakati mmoja na sijui nianze na lipi.

Jana tulikuwa kwa Salu. Watu walijaa ndani, wengine wakasimama nje hadi barabarani. Tangu anunue dishi na jenereta, Salu hauzi tena chai, anauza viti. Jumapili mbili za kwanza nilikaa mbele kama mke wa mkuu wa wilaya, kila mtu ananiuliza, "Mdogo wako yule? Yule karani mpole?" Nikawa naitika kwa kichwa tu, nisionekane najivuna. Jina la mchezo likitokea, *Mkalimani wa Boma*, nalisoma kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma. Nikawaeleza kwamba ni mambo ya mwaka 1957, enzi ya Mwingereza, wakulima wa pamba wanakutana kwa siri wakidai mizani ya haki, na wewe ndiye Kulwa, mkalimani wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa boma, na ni mtoto wa hukuhuku kwetu.

Jana sasa. Umetoka kwenye mkutano wa wakulima, umekula ugali wao, mmeshikana mikono. Halafu unazunguka nyuma ya boma, unaingia mlango wa jikoni, unaketi mbele ya yule Mzungu na kumtajia majina saba ya watu wa mkutano. Saba, Boni! Hata mate hukumeza.

Ukumbi ulilipuka. Mzee mmoja alirusha kofia yake kwenye televisheni. Salu akapiga kelele, "Msinivunjie kioo! Dada yake huyo hapo, mpigeni yeye!" Watu wakacheka, lakini wapo walionitazama kweli kweli. Na leo asubuhi sokoni, muuza nyanya wangu wa miaka yote amenikatalia. "Kanunue kwa Bwana Shauri," akaniambia, akageukia mteja mwingine.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ila niambie jambo moja mapema: huyo Kulwa atajirudi? Wiki mbili zijazo naenda Kasoli kupeleka posa yako kwa baba yake Felisita, na Mzee Yakobo Magese si mtu wa mzaha. Mwalimu wa dini miaka thelathini. Sitaki nifike pale nikiwa dada wa msaliti.

Mimi dada yako,
Anyesi


Dar es Salaam,
9 Septemba 1997

Dada Anyesi,

Barua yako nimeipokea kwa mkono wa kondakta, nikaisoma palepale stendi nimesimama, na watu wakaanza kunizunguka. Si kwa sababu ya barua, ni kwa sababu ya uso wangu. Mama mmoja mwenye beseni la vitumbua akasema, "Ona, anasoma majina mengine." Ikabidi nikimbie.

Miaka minne iliyopita ushirika ulipotupunguza kazi sisi makarani wa mizani, hakuna aliyejua jina langu zaidi ya wakulima wa zamu yangu. Leo Dar es Salaam nzima inanijua na inataka kunizaba kibao. Unajua, Dada, nafurahi. Jana nilinunua muwa na muuzaji akanikatia mfupi kwa makusudi, nikaula kwa furaha kama asali.

Kuhusu Kulwa, siwezi kukuambia. Mchezo wote tuliurekodi mwezi wa tano kule Morogoro, na mwisho wake umefungiwa kabatini kwa mwongozaji wetu, dada Precious. Sote tulimpa neno kwamba hatutasema, hata kwa mama mzazi. Nilipeana naye mkono.

Lakini nimekuwekea kitu humu ndani ya bahasha. Ni kipande cha gazeti la Jumamosi. Mwandishi wake, Marcelo, ndiye mchambuzi wa michezo ya televisheni anayeogopwa kuliko wote hapa. Ameuponda mchezo wetu kuanzia vifungo vya askari hadi Mzungu wetu, ambaye anasema Kiswahili chake kinanuka mitaa ya Tandika. Halafu soma mistari ya mwisho: "Kila kitu katika mchezo huu ni cha uongo, isipokuwa mwongo mwenyewe. Boniventura Sayi anadanganya vizuri kiasi kwamba unatamani akudanganye tena. Kijana huyu amezaliwa kwa kazi hiyo."

Nililia, Dada. Mtu hajawahi kuniandika vizuri hivyo. Mpelekee Mzee Yakobo akisome mwenyewe. Anaheshimu maandishi. Ataona kwamba hii ni kazi kama kazi nyingine, na ina wataalamu wake.

Mdogo wako,
Boni


Bariadi,
22 Septemba 1997

Boni,

Nimekisoma kipande chako kwa sauti, Kasoli, mbele ya Mzee Yakobo, mkewe, mashemeji wawili na jirani aliyejifanya amefuata jembe. Nilisimama kabisa. Nilipofika kwenye "amezaliwa kwa kazi hiyo" nikainua mkono kama padri.

Mzee akaomba gazeti. Akavaa miwani, akasoma mara mbili, akalikunja, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Anyesi, mwanangu," akasema, "mimi si mjinga. Najua ule ni mchezo. Najua ile pamba waliyobeba si pamba, ni sufi ya mito. Na mahindi nyuma yao ni mabichi. Nani anavuna pamba mahindi yakiwa mabichi?"

"Kweli, bhabha," nikajibu. Nilishangaa ameyajuaje, maana kwa Salu hajawahi kukanyaga.

"Kwa hiyo simlaumu Kulwa. Kulwa hayupo. Ninayemfikiria ni huyu aliye mzima, mwenye kutaka binti yangu. Gazeti lenu wenyewe linasema amezaliwa kudanganya, tena nchi nzima inapenda. Siku akisimama mbele yangu akasema anampenda Felisita, nitatambuaje anayesema ni nani?"

Boni, mimi nina mdomo, unanijua. Nimebishana na mabwana afya, nimebishana na watu wa kodi. Pale nikakimbilia mahari. Nikasema tu kwamba ng'ombe wapo tayari. Akasema shida si ng'ombe.

Hakusema hapana. Alisema, "Isubiri kwanza." Mke wake akaleta wali na samaki wa Lamadi, tukala vizuri, tukacheka habari nyingine, akanisindikiza hadi njia panda. Felisita alikuwa ametoka zahanati na sare yake ya unesi. Alikuwa ananawisha watu mikono na mabega yanamtetemeka. Sijui alikuwa anacheka au analia, alinipa mgongo.

Sasa nisikilize. Jana Kulwa ametaja majina mengine matano. Muuza nyanya amewaambia na wa vitunguu. Mimi haya nayavumilia, yananifurahisha hata. Ila Felisita hapatikani kila kona. Niandikie neno moja tu. "Ndiyo" kama Kulwa ana wema ndani yake, "hapana" kama hana. Nitamnong'oneza Mzee, kisha karatasi nitaichoma. Huyo Precious hatajua kamwe.

Anyesi


Dar es Salaam,
4 Oktoba 1997

Dada yangu,

Nimeliandika hilo neno moja. Nimeliandika mara tatu, kwenye karatasi tatu, na zote nimezichana.

Halafu nikaenda kwa dada Precious nikamweleza yote, Mzee, gazeti, Felisita. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Boni, kwa ajili ya ndoa nakufungua. Mwambie dada yako. Mchezo hautakufa kwa sababu ya mzee mmoja wa Kasoli." Nikamshukuru. Nikatoka nikiwa mwepesi, nikanunua stempu, nikakaa kwenye benchi la posta na kalamu mkononi.

Nikashindwa. Nilijiona nikiwa Kasoli, Mzee Yakobo ananiambia asante kwa kumtoa wasiwasi, halafu moyoni anajiuliza: huyu aliahidi kunyamaza, akaona anachokitaka, akasema. Hata kama dada Precious amenifungua, Dada, niliahidi na wenzangu pia, na wao wote wamenyamaza huku wakitukanwa na wake zao. Nikisema sasa, Mzee atakuwa na haki juu yangu, na mimi nitajua ana haki.

Zimebaki Jumapili tano. Zikiisha nitasema mpaka koo likauke. Mwambie Felisita kwamba sina cha kumwambia isipokuwa namngoja. Na wewe nisamehe kwa nyanya.

Boni


Kasoli,
13 Oktoba 1997

Kwa Boniventura,

Anyesi amenisomea barua yako. Alikuwa amekasirika hadi anaisoma vibaya, ikabidi nimnyang'anye nisome mwenyewe.

Usiniambie mwisho. Nakuomba. Mimi na wauguzi wenzangu tunakwenda Bariadi kila Jumapili kwenye lori la pamba, tumekaa juu ya marobota, na njia nzima tunabishana. Dada wa sindano anasema utanyongwa. Mganga mkuu wa zahanati anasema utakimbilia Uganda na yule mpishi wa boma. Ukiniambia sasa utaniharibia safari.

Nina mawili ya kukuambia, la kuchekesha na la kweli.

La kuchekesha. Baba amekuwa na mkutano wa wakulima wa pamba kila Jumapili mchana, Bariadi. Anamaliza ibada, anavaa kofia yake pana, anapanda baiskeli. Nimemuuliza mama, mkutano gani wa pamba siku ya Bwana, tena msimu wa kununua umekwisha? Mama akasema, "Usimuulize. Akirudi ana furaha."

La kweli. Jumapili iliyopita Kulwa alimwandikia mkewe barua nzuri, na kila neno lilikuwa uongo. Nililia. Niliporudi nyumbani nilizitoa barua zako zote kwenye sanduku, nikazisoma moja baada ya nyingine, nikimtafuta Kulwa humo ndani. Sikumpata. Lakini nilimtafuta, Boni, na nimeona ni vizuri ujue kwamba nilimtafuta. Baba si mkorofi. Anauliza swali ambalo hata mimi lilinipitia.

Nimelijibu langu. Lake utalijibu wewe.

Felisita


Bariadi,
3 Novemba 1997

Boni we, Boni,

Nakuandikia huku nacheka na huku nasikia baridi. Sijui huko kwenu, huku mvua hizi wanazoziita elinino zimeanza na hazijui adabu. Barabara ya Maswa imekatika mara mbili wiki hii.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe, Jumapili ya kumi na mbili na ya mwisho. Watu walianza kufika kwa Salu toka ibadani, wakashinda hapo na vyakula vyao. Kina Felisita walikuja wamelowa kama vifaranga. Mchezo ukaanza saa kumi, na mawingu nayo yakaanza. Tukasema Mungu atuhurumie saa moja tu.

Tumefika mwisho kabisa. Wakulima wamekujua, wamekuzunguka ghalani. Yule mkubwa wao anasema, "Sema, Kulwa. Majina yale uliyopeleka bomani, sema mbele yetu." Kamera inakuja usoni kwako. Unafungua mdomo, unasema, "Majina yale..."

Na upepo ukang'oa dishi.

Tumelisikia likibingirika juu ya bati, likaangukia banda la kuku. Kwenye televisheni chenga tupu. Ukumbi mzima ukapiga yowe, na juu ya mayowe yote nikasikia sauti moja ikitoka nyuma, "Amesema nini? Amesema nini huyo?" Nikageuka. Mtu amesimama juu ya benchi, kofia pana imefunika macho, anapunga fimbo kwenye chenga. Mzee Yakobo.

Tukatazamana. Akashuka polepole.

"Mwadila, bhabha," nikamwamkia.

"Mwadila. Nimepita tu kujikinga na mvua."

Salu, ambaye hana huruma, akasema, "Mvua ya Jumapili zote kumi na mbili, Mzee? Kiti chako cha nyuma nakuwekea toka mwezi wa nane."

Felisita alicheka hadi akashikilia ukuta. Mzee mwenyewe akajaribu kukunja uso, ukamshinda. Akakaa, akavua kofia, akacheka na machozi yakamtoka.

Tangu hapo mji hauna raha. Dereva aliyetoka Mwanza leo anasema ulinyongwa. Mwingine anasema ulikuwa pacha, na aliyetaja majina ni mwenzako Dotto. Sokoni wamepigana kwa mapera. Nilimuuliza Mzee kama nimpigie simu mtu wa Dar tujue ukweli. Akakataa. "Sitaki habari za kusimuliwa. Aliyesema maneno yale aje ayamalizie mwenyewe, hapa, mbele yangu. Nina swali langu pia."

Nafikiri umealikwa.

Anyesi


TELEGRAMU
Dar es Salaam, 10 Novemba 1997

ANYESI SAYI BARIADI. NAPANDA TRENI LEO. MSISIKILIZE WA MWANZA. BONI


Kasoli,
24 Novemba 1997

Kwa Bwana Marcelo,
Mchambuzi wa michezo ya televisheni,
Dar es Salaam.

Salamu katika jina la Bwana. Hunifahamu. Naitwa Yakobo Magese, mkulima wa pamba na mwalimu wa dini. Nimeona nikuandikie kwa sababu uliandika juu ya mchezo wa *Mkalimani wa Boma*, na mimi nimeutazama wote isipokuwa dakika za mwisho, ambazo nimezitazama kwa namna ambayo wewe hukuipata.

Kwanza, uliyosema juu ya vifungo vya askari ni kweli. Mwaka ule nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili na nilibeba pamba kichwani hadi mnadani. Askari wa boma walivaa vifungo vya shaba, si plastiki. Uliisahau pamba yenyewe, lakini nakusamehe, maana wewe ni mtu wa mjini.

Pili ni habari ya kijana Boniventura Sayi. Alifika hapa Ijumaa tarehe 14. Lori lilikwama kabla ya Bariadi, akatembea. Alikuwa na tope hadi kiunoni, mbwa wangu hawakumtambua na mimi sikumtambua. Alipiga magoti kuamkia, nikamwambia ainuke, akaoge, ale, alale. Sikumuuliza kitu.

Kesho yake saa nane mchana uwanja wangu ulijaa. Walikuja wa Bariadi, walikuja hata wa mbali, wa Ipililo, waliokuwa wamelala kwa ndugu. Salu mwenye ukumbi alikuja na kiti chake mwenyewe. Kijana akasema ataimalizia sehemu ya ghalani, ila anahitaji watu. Dada yake Anyesi akachukua kofia yangu, akawa Bwana Shauri wa kupokea yale majina kwanza, na niseme wazi kwamba alimshinda yule Mzungu wenu wa Tandika. Wakulima tukawa sisi. Tulimzunguka kama ilivyokuwa.

Mimi ndiye niliyepewa maneno ya mkubwa wa wakulima. Nikasema, "Sema, Kulwa. Majina yale uliyopeleka bomani, sema mbele yetu."

Akanitazama. Bwana Marcelo, nilimsahau Boniventura. Alikuwa Kulwa.

"Majina yale," akasema, "ni ya marehemu. Niliyatoa kwenye daftari la maziko la misheni. Bwana Shauri ametuma askari kuwatafuta watu waliolala kaburini miaka kumi. Ninyi mlio hai hamjatajwa hata mmoja."

Mama mmoja nyuma akapiga kigelegele, na uwanja ukainuka. Watu walimbeba. Nami nilibaki nimesimama na fimbo yangu, najiona mjinga. Jumapili kumi na mbili nimehesabu vifungo vya askari, na sikujiuliza kwa nini hakuna mkulima hata mmoja aliyekamatwa! Wewe ulijiuliza? Katika gazeti sikuona.

Walipomshusha, nikamwita mbele ya wote. Nikamwambia, "Kulwa amekwisha, na amekwisha vizuri. Sasa mwingine. Dada yako aliniambia kwamba ulifunguliwa neno lako na bado ukanyamaza, na hilo nimelipima. Lakini lile swali langu lipo palepale. Unamtaka binti yangu. Nitajuaje kwamba unayesema ni wewe?"

Nilitegemea hotuba. Watu wote walitegemea. Wengine walisogea karibu wasikose neno.

Akafungua mdomo. Akasema, "Mimi, bhabha..." Akanyamaza. Akasema tena, "Mimi..." Akamtazama Felisita, kisha akatazama chini. Mikono hakujua aiweke wapi, mara mfukoni, mara mgongoni, mara akashika sikio. Jasho likamtoka. Akasema, "Mimi, bhabha, mimi na yeye..." kisha kwikwi zikamshika, kubwa, moja baada ya nyingine, hata binti yangu akamletea kata ya maji, naye akaimwaga nusu kifuani. Anyesi alifunika uso kwa aibu. Salu alisema kwa sauti kwamba hajawahi kuona mchezo mbovu namna hii na anataka kiti chake arudi nyumbani.

Ndoa ni Jumamosi tarehe 27 Desemba, saa nne asubuhi. Umealikwa. Ukija vaa viatu vya mvua, na uliza nyumba yangu kwa yeyote.

Uliandika gazetini kwamba kijana huyu amezaliwa kwa kazi ya kudanganya. Naomba usahihishe. Mimi nimemwona akisimama mbele ya watu na jambo la kweli mdomoni, akashindwa kabisa. Kwa uigizaji ule hakuna kituo cha televisheni duniani kitakachomchukua. Mimi nimemchukua.

Wako,
Yakobo Magese